Mchana Hakuna Mtu

Sabina alipoolewa na Hhando, shamba lao nje kidogo ya Karatu mjini lilizungukwa na mashamba ya wengine, ngano na mbaazi mpaka korongoni. Ukiita, watu walinyoosha migongo kukutazama. Kisha majirani wakaanza kuuza viwanja. Wakaja wageni, wakajenga nyumba nzuri za mabati mekundu, wakazungushia kuta. Hawakuwa watu wabaya. Walimwamkia Sabina, na wakimkuta na mzigo walimpokea. Ila alfajiri wote waliondoka, huyu ofisini mjini, yule hotelini karibu na geti la Ngorongoro, wakarudi giza likiingia.

Hhando alikataa kuuza. Alisema kazi nyingine haijui.

Siku moja wakivuna mbaazi, Hhando alishika kifua, akaketi, kisha akalala ubavu. Sabina alijaribu kumwinua, akashindwa. Akakimbilia nyumba ya jirani, akakuta kufuli. Ya pili mbwa walibweka, hakutoka mtu. Ya tatu aligonga mpaka mkono ukachubuka. Ikabidi ateremke hadi barabara kubwa kutafuta bodaboda. Waliporudi, Hhando alikuwa amekwisha kukata roho, viganja vimejaa vumbi la mbaazi.

Msibani majirani walijaa. Walipika, walichanga, walilia kwa kweli. Lilian, dada wa mapokezi hotelini, aliyepakana nao ukuta, alimshika Sabina mikono.

"Mama, kwa nini hukutupigia simu?"

"Ningempigia nani, mwanangu? Hata jina lako nimelijua leo."

Lilian akainamisha kichwa.

Msimu uliofuata Sabina alilima peke yake, magugu yakamshinda. Akauza, akahamia kijiji cha Daa kwa binti yake Angelina. Aliweka sharti moja, kaburi la Hhando lisiguswe, na mnunuzi akalitimiza. Liko nyuma ya nyumba yake, limepandwa maua. Sabina akitaka kulizuru husubiri Jumapili, mwenyeji awepo.

Huko Daa watu bado wanashinda mashambani. Juzi alipaliwa na maji akiwa anapalilia, akakohoa, na mwanamke wa ng'ambo ya korongo akauliza kwa Kiiraqw kama ni salama. Sabina alijibu kwamba ni salama. Kisha akaketi juu ya tuta, akamlilia mume wake kwa sauti, mpaka yule mwanamke akaweka jembe chini na kuvuka.