Shibiri Moja Kila Upande

Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha kule Kabiro alinifuata mpaka kibandani kwangu Makina kwa sababu mafundi wote wa kushona wa huko kwao Kawangware alikuwa ameshagombana nao. Hakunisalimu. Alimwaga mezani magauni ya marehemu mama yake, akaniamuru niyakate viraka, niviunge viwe uso wa blanketi la harusi ya binti yake. Binti huyo alilelewa na huyo marehemu bibi yake. Mama mtu alikuwa na shughuli ya kufukuza wapangaji.

Sikumpenda hata kidogo, na sitajifanya hapa. Lakini uso wa blanketi niliushona vizuri. Nilipiga pasi kila mshono, nikapunguza nyuzi, nikanyoosha pembe zote.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa cha mgongo, yaani upande wa chini wa blanketi. Kushona uso, pamba ya katikati na mgongo kwa pamoja ilikuwa kazi ya karakana fulani ya magodoro, yenye cherehani ndefu kuliko kibanda changu. Cherehani hiyo hubana mgongo kwa vibanio, kwa hiyo lazima mgongo uzidi uso kwa shibiri moja kila upande. Nilimweleza mama huyo polepole, kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa.

"Hii yote ni ya nini?" akafoka. "Nyinyi mafundi ni wezi. Ikibaki unashonea bibi yako sketi. Kata sawa na ya juu, nikiona!"

"Mama, sasa mashine itashika wapi?"

"Nimesema kata!"

Nikakata, tena kwa raha. Mjinga mwenye sauti namna ile nilitaka akaaibikie mbele ya watu, mbali na mimi.

Baada ya wiki moja alirudi. Mtu wa karakana alikuwa amemwambia mgongo ni mfupi, naye akamlazimisha ashone hivyo hivyo, vibanio vikashika uso wenyewe. Magauni yale yalikuwa yamelainika kwa miaka ya kufuliwa. Yalichanika kutoka ukingoni hadi katikati.

Safari hii hakufoka. Alishika kiraka cha maua ya buluu kilichopasuka.

"Hii mama alivaa siku msichana alibatizwa," alisema. "Fundi, kwani hakukuwa na njia ingine?"

Njia ilikuwepo. Ningeunga vipande vya shuka kuukuu pembeni mwa mgongo, mashine ishike hapo, halafu vifumuliwe. Ni kazi ya saa moja, na shuka nilikuwa nalo siku ile ya kukata, chini ya meza.

Nilimwambia hakukuwa na njia.