Huyu Hamwigi Mtu

Jina la kuzaliwa analo, lakini halitumiki. Mtaa mzima unamwita Kasuku, na ukikaa kwenye kiti chake cha kusukia utajua kwa nini. Mkono unasuka, mdomo unaiga. Atamwiga mwenye nyumba anavyokohoa mlangoni kabla ya kubisha hodi. Atamwiga jirani anayeongea na simu kana kwamba aliye upande wa pili ni kiziwi. Hata mashine ya kukaushia nywele anaiiga, inavyokoroma ikitaka kuzimika. Wateja walikuwa wakitoka pale kichwa kinauma kwa kuvutwa nywele na mbavu zinauma kwa kicheko, na bado wanarudi wenyewe, hakuna aliyewaita.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuigwa, naye ni mama mkwe wake. Nani athubutu! Mama yule ni fundi wa kushona sare za shule, mrefu, uso mkavu, kichwani mtandio asubuhi mpaka jioni, hivi kwamba Kasuku, msusi mzima, alikuwa hajui nywele za mkwewe zina rangi gani. Tena haombi, anaamrisha. "Kula." "Funga mlango." "Mtoto wa watu asisimame, mpeni kiti." Akishaamrisha huukaza mtandio nyuma ya shingo, na hapo mjadala umekwisha. Kila Jumapili Kasuku akianza michezo yake sebuleni, mama mkwe anageuza kiti, anatazama dirishani na kushona vifungo vyake. Wote waliamini hapendi vichekesho. Mume wa Kasuku, fundi friji, mtu mpole hata friji zenyewe zinamwonea, alimwonya mkewe mapema kabisa: "Mwige yeyote unayemtaka. Mama yangu muache kama alivyo."

Basi Kasuku akapata mimba, furaha ikajaa nyumba. Mwishoni miguu ikavimba na presha ikapanda, akalazwa, akapewa dawa, akajifungua salama binti mwenye sauti ya spika ya dukani. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliwasimamisha mlangoni, yeye, mumewe na mama mkwe. Akawaambia presha ya uzazi haitoki pamoja na mtoto. Hata wiki kadhaa baadaye inaweza kumletea mama kiharusi, hata awe kijana. Ameze dawa, arudi kupimwa. Na kichwa kikimuuma bila kupoa, macho yakiona ukungu, uso ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, wasingoje kesho, waje hapohapo.

Walisikiliza? Wapi! Mke na mume walikuwa wamemwinamia mtoto, wanagombania pua yake ni ya ukoo gani.

Nyumbani Kasuku akaacha dawa. "Mtoto ameshatoka," alisema, "hiyo presha inakaa wapi tena?" Kichwa kikaanza kumuuma, akasema ni kukosa usingizi, na kila aliyewahi kulea kichanga akatikisa kichwa kukubali. Wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa cheko la karibu, akamchemshia chai ya tangawizi. Kichwa kikanywa chai na kuendelea kuuma.

Jumapili ikafika, sebule ikajaa wageni wa kumwona mtoto. Wifi akapiga makofi. "Jamani, shemeji zangu na majirani, mmekuja kumtazama mtoto tu? Kasuku, hebu tupe kimoja! Ni nani huyu?"

Huo ndio mchezo wao: Kasuku anasimama, anaiga, watu wanataja ni nani. Akainuka na kikombe mkononi, akafungua kinywa, na upande wa kushoto wa mdomo ukashuka. Maneno yakatoka mazito, yamegandana.

"Mwenye nyumba akiwa na usingizi!" mmoja akapiga kelele.

"Hapana! Yule mjomba aliyetoka kung'olewa jino!"

Kikombe kikamteleza mkono wa kushoto, chai ikamwagika zuliani. Loo, sebule ilikufa kwa kicheko. Wifi alishika mbavu. "Leo ametia chumvi! Mpaka chai kamwaga!" Fundi friji alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Na Kasuku amesimama katikati yao, anajaribu kusema neno moja tu, "nisaidieni," nalo linatoka kama mtu anayeongea na pamba mdomoni, na kadiri anavyojaribu ndivyo wanavyozidi kucheka. Jamani, kuchekwa kule! Tena na watu wanaokupenda kabisa.

Kiti cha dirishani kikasukumwa. Vifungo vikatawanyika sakafuni.

"Nyamazeni!" Mama mkwe alikuwa amesimama. "Huyu hamwigi mtu."

"Mama, ni mchezo tu," wifi akasema, bado anacheka.

"Nimesema huyu hamwigi mtu. Kila Jumapili namtazama kwenye kioo cha dirisha. Akimwiga mtu, macho yake ndiyo yanayocheka kwanza. Leo hayacheki." Akafika kwa Kasuku kabla hajaanguka, akamkumbatia. "Nesi alituambia nini pale mlangoni? Lete gari."

"Labda alale kidogo, apumzike," mumewe akasema.

"Atapumzika hospitali. Lete gari." Akaukaza mtandio.

Hospitalini daktari aliuliza dalili zilianza lini, na mama mkwe akamjibu bila kutafuta, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa akitazama badala ya kucheka. Wakampima presha, wakampiga picha ya kichwa, wakamwekea dripu. Kiharusi, wakasema, ila amewahi. Daktari alimgeukia fundi friji na kumwambia kwa upole kwamba wangemlaza nyumbani apumzike, sasa hivi wangekuwa wanazungumza mengine. Yule bwana akakaa chini pale koridoni akalia kama mtoto wake mwenyewe, kwa sauti ileile.

Kasuku aliishi. Hilo likajulikana, na nyumba ikashukuru. Lakini alipopewa kioo akaona mdomo umeinama upande mmoja, alikigeuza kifudifudi kitandani. Mkono wa kushoto haushiki kitana. Ulimi unajikwaa. Msusi asiyesuka, mwigaji asiyeiga. "Sasa mimi ni nani?" alimuuliza mumewe taratibu, silabi moja moja, na yule maskini akaanza kumnyooshea shuka.

Jibu likatoka kwa mama mkwe. "Wewe ni mvivu wa mazoezi," alisema. "Jaza hewa mashavuni. Tena."

Waliporudi nyumbani mazoezi yakawa kazi. Asubuhi kujaza mashavu mbele ya kioo, mchana kufinya sponji, jioni dawa ya presha, nayo aliimeza mbele ya jicho la mkwewe. Mashavu yakaanza kutii. Mkono ukawa mkaidi, na Kasuku akakata tamaa, akaitupa sponji chini ya kabati, akasema basi, hawezi, wamuache alee mtoto wake.

Mama mkwe akavuta kigoda, akaketi mbele ya magoti yake, akampa mgongo. Kisha akafungua mtandio.

Nywele zilikuwa nyeupe, nyingi, laini. Wifi aliyekuwa amembeba mtoto alitoa macho; hata yeye alikuwa ameshazisahau.

"Suka."

"Mama, mkono haushiki."

"Nimekuuliza kama unashika? Suka."

Akasuka. Ee, kazi ile ilikuwa aibu ya fani! Mistari ilipinda, ikagongana katikati, mmoja ukapotelea nyuma ya sikio na hakuna aliyejua ulikoishia. Kasuku alimwomba arudishe mtandio, haraka, kabla watu hawajaona. Mama mkwe akaukunja mtandio akautia kabatini, na kesho yake akaenda kazini kichwa wazi. Wenzake wakamkodolea macho. "Mkwe wangu ndiye aliyenisuka," aliwaambia. "Kuna mwenye shida?" Hakukuwa na mwenye shida.

Kila wiki anafumuliwa, anasukwa upya. Mistari ikaanza kujua njia. Vidole vya kushoto vikakumbuka kushika, kisha kugawa, kisha kukaza. Kasuku akarudi kwenye kiti chake cha kazi, na sasa mteja mwenye mimba au kichanga hatoki pale bila kuulizwa: presha umepima lini? Kichwa hakikuumi? Usiniambie ni usingizi, mwanangu, mimi usingizi huo naujua! Na mteja anacheka, lakini anakwenda kupima. Ila kuiga, hapana. Hilo hakuligusa. Jumapili zilipita kimya, na wifi hakuthubutu kuomba.

Mpaka Jumapili moja, mtoto ameanza kutambaa, sebule imejaa, na mama mkwe kaketi katikati ya watu maana kiti hakigeuzwi dirishani tena. Kasuku akasimama bila kuombwa.

"Ni nani huyu?"

Fundi friji aliacha kutafuna. Kasuku akanyoosha mgongo, akawa mrefu. Uso ukakauka. Akapeleka mikono yote miwili nyuma ya shingo, wa kushoto nao ukafika, akakaza mtandio usiokuwepo. "Nyamazeni!" akasema. "Huyu hamwigi mtu. Lete gari."

Kila neno lilitoka safi.

Wote walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja jina. Wifi akajifunika uso kwa nepi ya mtoto.

Mama mkwe akainamisha kichwa upande, anachunguza. "Ni nani huyo?" akauliza. "Simjui. Lakini amezidi ukali."

"Ni wewe, mama," mwanawe akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi?" Mikono ikapanda yenyewe nyuma ya shingo kukaza, ikakuta nywele zilizosukwa. "Mimi siongei hivyo. Funga mlango!"

Sebule ikalipuka. Na katikati ya vile vicheko kikasikika kimoja kigeni, kinene, ambacho watoto wake mwenyewe hawakuwa wamewahi kukisikia. Mama mkwe alicheka mpaka akashikilia meza, machozi yanamtoka na hayafuti, anamtazama mkwewe machoni.

"Rudia," akamwamrisha. "Rudia, mwanangu. Toka mwanzo."

Kasuku akarudia.