Nilivyogeuza ghala la kupepetea ulezi kuwa ofisi, upepo wa Sumbawanga ukanitia adabu

Wakuu, salaam nyingi kutoka Sumbawanga, huku tunakovaa sweta mchana kweupe.

Ninachosimulia ni kweli mwanzo mwisho. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wengine wamo humu jukwaani na wana midomo. Aibu yote iliyomo ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Mimi ni Mfipa wa Msanzi, ila nimekaa Dar miaka kumi na moja. Nilirudi baada ya kupata kazi ya utawala kwenye kampuni inayonunua mahindi na ulezi wa wakulima wa huku. Mke wangu anafundisha shule ya msingi hapa mjini. Bi mkubwa, yaani mama yangu, yupo Msanzi, Jumapili nikitoka misa naenda kumsalimia. Yaani nilikuwa nimetulia haswa.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Watu kumi na wanane humo ndani, ukitaka kupiga chafya unatoka nje.

Sasa mwaka huo bosi wetu, tumwite Madam, akaja kutoka Mbeya anakoishi. Akatuambia kampuni imekua, inahitaji makao makuu ya maana, na yeye anaona makao makuu yahamie Mbeya.

Wakuu, hapo hapo nikapiga hesabu. Mbeya maana yake niache familia nikapange chumba kama bachela. Na wenzangu wengi wasingeweza kuhama, wangebaki bila kazi.

Nikajikuta nimenyoosha mkono.

"Madam, tuna lile ghala letu la zamani lenye ghorofa. Niachie mimi. Nitalifanya ofisi ambayo hata Mbeya hawana."

Akacheka. Kisha akasema, "Haya. Mkutano wa mwaka ni mwezi wa saba. Nitakuja nikae humo siku nzima, asubuhi mpaka jioni. Nikiweza kukaa, makao makuu yanabaki hapa. Nikishindwa, mnafungasha."

Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba hilo ni dogo. Mdomo wangu huu!

Ghala lenyewe ni la matofali marefu mekundu, kuta nene, sakafu ya juu ya mbao. Chini walikuwa wanaweka magunia. Juu ni ukumbi mmoja mtupu. Ukuta wa mashariki, upande wa milima ya Mbizi, ulikuwa na vidirisha vya mbao vidogo vidogo vimepangana mstari mmoja. Ukuta wa magharibi ulikuwa na tundu moja tu, kubwa kama mlango.

Mimi si injinia. Lakini nilivaa helmeti siku ya kwanza na saiti nzima ikaanza kuniita Injinia. Sikukataa, kusema ukweli nilinogewa.

Tulianza mwezi wa kwanza, mvua zimekolea, hewa imetulia. Nikasimama pale juu nikaona picha nzima: open office kama zile za Posta kule Dar, na upande wa Mbizi wote uwe kioo, watu wafanye kazi huku wanaangalia milima.

Nikamleta Shabani, fundi aluminiamu, mtu wa Kirando kule ziwani. Nikamwambia bomoa vidirisha vyote na ukuta wake, weka vioo kuanzia kiunoni mpaka juu, na lile tundu la magharibi liache wazi hewa ipite.

Hapo ndipo alipoingia Mama Vestina. Huyu mama alikuwa anatupikia pale saiti, umri wake kama sitini hivi. Ujana wake alifanya kazi humo humo ghalani. Alipanda ngazi na sufuria ya maharage, akaona ukuta unabomolewa, akasimama.

"Injinia, mwanangu, hapo mnapobomoa palikuwa pa kupepetea."

"Kupepeta nini, mama?"

"Ulezi. Tulikuwa tunafungua vidirisha viwili tu, upepo unaingia, unabeba makapi yote yanatokea tundu lile la pili. Vyote hatukuwahi kufungua hata siku moja. Tungepepetwa na sisi."

Nikacheka, wakuu. Nikamwambia, "Mama, hiyo kitaalamu inaitwa cross ventilation, hewa kupita upande kwa upande, ndiyo tunayoitaka." Akaniangalia, akanipakulia maharage, akashuka zake.

Naomba niseme kitu hapa. Mimi nimezaliwa kwenye nyanda hizi. Nimechunga ng'ombe kwenye upepo wa mwezi wa sita mpaka masikio yakakosa hisia. Lakini miaka kumi na moja ya jasho la Dar ilinisahaulisha kabisa kwamba kuna mahali upepo si wa kuukaribisha. Hilo ndilo lililoniponza.

Matofali tuliyobomoa niliyatoa nje nikatangazia majirani wajichukulie. Jioni ile ile yalikuwa yameisha. Baiskeli, mikokoteni, akina mama na beseni kichwani. Nikajiona mfadhili.

Mwezi wa tano mwishoni jengo likawa limekamilika. Jipsam juu, rangi nyeupe, meza mpya, vioo vinameta. Watu walikuja kupiga picha za harusi pale, sitanii. Wafanyakazi wakahamia, siku tatu za kwanza tulikuwa tunatembea tunatabasamu tu.

Siku ya nne upepo wa kiangazi ukafika.

Kwanza tulisikia mluzi kwenye reli za madirisha. Kisha vioo vikaanza kutetemeka. Vumbi likapenya kila upenyo. Kufika saa nne asubuhi mhasibu amejifunga blanketi, na dada wa mapokezi anachapa barua amevaa glavu.

Kisha vioo viwili vikapasuka kwa mpigo. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Lakini upepo sasa ukawa na njia, ukaingia upande huu ukatokea kwenye lile tundu la magharibi, na mikataba ya wakulima ikaondoka nao. Tulikimbizana na karatasi mpaka sokoni. Mmoja tuliukuta umefungiwa karanga.

Nikakaa kwenye ngazi nikashika kichwa. Zilibaki wiki tano Madam aje.

Mama Vestina akaja akakaa pembeni yangu. Hakunicheka, na hicho ndicho kiliniuma zaidi.

"Shikamoo mama," nikasema, ingawa asubuhi tulishasalimiana.

"Marahaba. Sasa umepepetwa, eh?"

"Nimepepetwa, mama. Nisamehe."

Shabani naye akaja, tukakubaliana: ukuta wa Mbizi uzibwe, urudi na vidirisha vyake vidogo. Vioo vikubwa tuvihamishie magharibi, kwenye lile tundu, upepo usikopiga. Kazi ya siku chache, ila inataka watu wengi.

Na watu hawakuwepo! Mwezi wa sita Ufipa nzima ipo shambani inavuna. Nilizunguka mji mzima, nikapiga simu mpaka Ilemba. Kila fundi na kibarua ananijibu, "Bosi, niko kwenye mahindi yangu." Nikaongeza dau, jibu lile lile.

Mama Vestina akaniambia, "Wewe unawaita kama vibarua. Waite kama majirani. Huku mtu akielemewa na shamba anapika pombe ya ulezi, anawaita watu wanamsaidia. Kimea ninacho. Nipe siku nane, halafu wewe mwenyewe pita nyumba kwa nyumba. Na uende bila helmeti."

Nikapita, wakuu. Nyumba kwa nyumba, shikamoo kwa kila mzee, nikieleza ujinga wangu bila kupunguza. Nikawaambia ofisi ikihama, wenzetu wanakosa kazi, na mimi naondoka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee mmoja aliniomba nirudie ile sehemu ya karanga.

Lakini matofali ndiyo yalikuwa yananinyima raha. Yale mapya sokoni ni mafupi, hayalingani na ukuta. Na niliyoyagawa, nitamwambiaje mtu arudishe zawadi?

Sikuomba. Naapa sikuomba.

Jumamosi saa moja asubuhi nikawaona wanakuja. Wanaume na wanawake, wameacha mavuno siku ile, na karibu kila mmoja ana matofali. Mengine kwenye baiskeli, mengine begani. Yenye masizi yalitoka kwenye mafiga. Yenye chokaa yalikuwa ngazi ya mtu. Mengi yalikuwa na kinyesi cha kuku, yametoka bandani.

Nililia, sifichi. Shabani akanipa kitambaa, akaniambia nisimtie nuksi asubuhi yote hiyo.

Siku ile ukuta ulipanda huku watu wanaimba. Pombe ikanyweka, na Shabani na wenzake wasiokunywa wakapata togwa na dagaa wa Kirando. Wiki iliyofuata Shabani akamalizia vioo vya magharibi.

Madam akaja kama alivyoahidi. Nje upepo unavuma vibaya, ndani kumetulia. Akakaa kwenye meza yangu asubuhi mpaka jioni. Saa nane mchana alivua koti. Mimi nilikuwa nalitazama lile koti kuliko kazi yangu.

Jioni akaenda kwenye ukuta wa mashariki, akaugusa.

"Mbona matofali yana rangi rangi?"

Nikamweleza yote, hata karanga. Akageuka kunitazama.

"Yaani watu wameacha mavuno, wakabomoa mabanda yao, ili ofisi isihame?"

"Ndiyo, Madam."

"Sasa Mbeya tukafanye nini?"

Tumebaki, wakuu. Mama Vestina ndiye anayeendesha kantini ya pale chini, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kufungua vile vidirisha.

Nilichojifunza: kabla hujabomoa ukuta wa mtu, muulize aliyefanya kazi nyuma yake ulikuwa unazuia nini. Na akikujibu, usimfundishe kizungu.

Waliowahi kukarabati majengo ya zamani, mwageni na yenu hapa, nisiwe mjinga peke yangu.

Halafu kuna kipande kidogo cha ukuta, kule pembeni, tulimalizia kwa matofali ya dukani kwa sababu si yote yaliyorudi. Kama upo Sumbawanga na banda lako lina matofali marefu mekundu, usiwe na wasiwasi, kaa nayo. Kuku nao wanasikia baridi.