Lenzi Ndefu, Meza Kuu na Picha ya Zaina

Ndugu msomaji, usinihurumie. Haya niliyafanya nikiwa na akili timamu, na kosa ni langu peke yangu.

Mimi ni mpiga picha hapa Lushoto. Nina lenzi mbili. Moja ni fupi, ina tundu pana linalovuta mwanga hata penye kiza. Nyingine ni ndefu kama mchi wa kinu. Niliinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga virago baada ya shamba lake kutaifishwa. Hiyo inataka jua kali, la sivyo haioni kitu, lakini ukiitoa mkobani watu wote wanageuka. Na mpumbavu kama mimi anapenda sana kugeukiwa.

Wilaya iliandaa mashindano ya mpira wa meza kwa vijana wa vijiji vya ujamaa. Yalifanyika ukumbini, ndani taa mbili hafifu, nje ukungu umeziba madirisha. Balbu za kumulikia za kamera zilikuwa zimeadimika madukani.

Mwalimu Naomi, aliyeleta wasichana wa kijiji cha Mtae, alinifuata asubuhi.

"Kaka, nina binti anaitwa Zaina. Baba yake ameambiwa huku wasichana wanacheza nusu uchi mbele ya wanaume. Amesema akiona picha ya mwanawe anacheza, kavaa kwa heshima, atamruhusu kwenda kambi ya mkoa Tanga. Asipoiona, ndiyo basi. Nakuomba usogee karibu na utumie ile lenzi fupi. Niliwahi kusafisha picha misheni, kiza cha namna hii nakijua."

Nikacheka. "Mwalimu, wewe fundisha michezo. Lenzi niachie mimi."

Sasa sikia uchafu wenyewe. Lenzi fupi ingenilazimu kupiga magoti sakafuni, na suti yangu ya kaunda, katikati ya vijana wanaotoka jasho. Lenzi ndefu iliniruhusu kukaa meza kuu na viongozi. Na meza kuu kulikuwa na kuku.

Hivyo ndivyo fundi mzima alivyochagua lenzi.

Zaina alishinda. Ukumbi uliposhangilia niliinua mchi wangu, vidole vina mafuta, nikabonyeza mara tano sita, nikarudi kwenye paja langu la kuku. Baadaye viongozi wakaniita nje niwapige picha kwenye ngazi. Nilipomaliza, lori la Mtae lilikuwa limekwisha ondoka.

Nilipozisafisha, picha za Zaina zilitoka nyeusi. Nilipata kivuli chenye mkono, basi. Picha iliyotoka safi ni ile ya viongozi na vitambi vyao.

Ningeweza kupanda Mtae nikamwambia mzee kwa mdomo wangu kwamba binti yake alicheza kwa heshima na nimemwona. Lakini ningelazimika kukiri kuwa mwalimu wa michezo anaijua lenzi kunishinda. Nikatia ile picha ya viongozi kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikampa dereva ampelekee Mwalimu Naomi. Maskini, kwa kuniamini, alimkabidhi mzee bila kuifungua.

Wiki chache baadaye mwalimu alikuja studio.

"Mzee aliigeuza mbele na nyuma," alisema. "Akaniuliza, 'Mwanangu yuko wapi kati ya hawa wanaume?' Kambi imekwenda bila Zaina."

Hakunitukana. Aliitazama lenzi ndefu niliyoitundika ukutani kama pambo, akatoka.

Mwaka huu nilimkuta Zaina gulioni Lukozi, anauza kabichi. Alinipa shikamoo kwa magoti, mimi huyu. Nikaitikia.

"Najua picha yangu haikutoka," alisema. "Si neno. Ila ile pointi ya mwisho, niliipigaje? Nikijaribu kukumbuka inanipotea. Wewe ulikuwa unaangalia."

Kwenye pointi ya mwisho nilikuwa nachokonoa meno.

"Uliipiga vizuri," nikasema.

Akangoja niendelee. Nikanunua kabichi mbili nisizozihitaji, nikaondoka.

Wewe mwenye kamera, ukiitwa kupiga picha watoto wanaocheza ndani, chukua lenzi fupi na ukapige magoti sakafuni. Kuku utakula kwako.