Miguu ya Wattie Gemmell Sebuleni

Wattie Gemmell alikuwa na imani mbili maishani. Ya kwanza ni kwamba mbao iliyopakwa rangi sawasawa haiogopi mvua ya Glasgow. Ya pili ni kwamba yeye Wattie hakosei. Ya kwanza aliitetea kila kiangazi kwa brashi na kopo la rangi. Ya pili haikuhitaji kutetewa, maana ukimkosoa alikuwa anakununia siku tatu, na siku ya nne anakuja kukurekebishia dirisha bila kutoa neno, mpaka unajiona wewe ndiye mkosaji.

Alizaliwa katika nyumba ileile ya mawe mekundu mtaani Dennistoun, namba arobaini na nne: ghorofa nne, ngazi moja, na familia nane zilizojiita ngazi. Alipotimiza miaka kumi na tano aliingizwa karakana ya madirisha, na kwa miezi minne ya kwanza hakuruhusiwa kushika kitu ila sufuria ya gundi. Aliichemsha, akaikoroga, akanuka gundi. Siku hizi kijana akikoroga gundi asubuhi, mchana anadai cheti na jioni anafungua kampuni. Karakana ile ilikuja kufungwa ikageuzwa duka la mazulia, na Wattie, akiwa na miaka arobaini, akabaki na patasi zake, randa mbili, na madirisha thelathini na mawili ya ngazi yao, manne kila nyumba. Akayatunza miaka thelathini na moja. Mkewe alipofariki, watu walidhani ataacha. Alichukua mapumziko ya wiki moja, kisha akaonekana ghorofa ya kwanza anakwangua puti iliyokauka ukingoni mwa kioo.

Hayakuwa madirisha ya bawaba. Kila moja lilikuwa na mbawa mbili za mbao na kioo, moja juu, moja chini, nazo zinapanda na kushuka kwenye mfereji wake. Ndani ya fremu, pasipoonekana, vyuma vizito vinaning'inia kwa kamba zinazopita kwenye kapi: ubawa ukipanda, chuma kinashuka. Dirisha likitunzwa, bibi wa miaka tisini analiinua kwa vidole viwili.

Na bibi wa miaka tisini alikuwa na sababu ya kuliinua. Wanawake wa mtaa ule walikuwa wanaweka mto kwenye kizingiti, wanaegemeza viwiko, na habari zinavuka barabara kwa sauti, dirisha kwa dirisha, kabla gazeti halijachapwa. Mtoto akilalamika njaa uani, mama anamrushia kipande cha mkate wa jamu kutoka ghorofa ya tatu, na mtoto anakidaka. Leo watu wanakaa mlango kwa mlango miaka kumi na wanajuana kwa harufu ya vitunguu tu.

Basi mwaka wa tisini na moja akaja bwana mmoja anaitwa Tulloch, muuza madirisha ya plastiki, na viatu vyake vinang'aa kuliko maneno yake. Alikwisha kuwashawishi majirani wa namba arobaini na sita. Mbawa zao za miaka mia moja zilitupwa barabarani, na vyuma vikaenda kuuzwa kwa kilo. Sasa alitaka namba arobaini na nne, na kampuni yake haikuwa inabadilisha dirisha mojamoja: ni ngazi nzima, au basi. Ikaamuliwa wapige kura. Mikutano ya ngazi ilikuwa inafanyika kwa yule ambaye kadi ya zamu ya kuosha ngazi imetundikwa kwenye kitasa chake, na wiki ile kadi ilikuwa kwa Wattie. Jumamosi, saa nne asubuhi.

Wattie alihesabu kura usingizini. Familia moja ya ghorofa ya chini ilikuwa safarini, kwa hiyo nyumba saba. Watatu walikuwa wa plastiki bila shaka. Wawili walikuwa wa mbao. Yeye wa tatu. Aliyebaki ni Bibi Ina Purdie wa mlango unaotazamana na wake, mjane wa miaka sabini na nane, naye alikuwa amekwisha kumwambia ngazini, "Wattie, mimi ni wa plastiki. Upepo unapita kwenye dirisha langu mpaka chai inapoa upande mmoja."

"Upepo kidogo ni dawa ya mapafu," alijibu Wattie.

"Mapafu yangu yamepona zamani. Ni magoti."

Alichoweza kumfanyia Ina ni kumwonyesha. Akaapa kwamba wageni watakapoingia sebuleni kwake watakuta dirisha linalowaka kama fedha, na Ina ataliinua mwenyewe kwa kidole. Saa tatu na nusu akaandaa chai na biskuti, akaacha mlango wazi, akatoka kufuta kioo kwa nje jinsi mama yake alivyokuwa anafanya kila Ijumaa. Unakaa kwenye kizingiti, mgongo na makalio nje, miguu ndani. Unateremsha ubawa wa chini mpaka ukubane mapajani. Unashikilia fremu kwa mkono mmoja na kusugua kwa wa pili. Chini yako ghorofa tatu za hewa.

Alisugua. Akarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake, akaridhika, akauvuta ubawa ushuke zaidi apate ile kona ya juu. Kamba ya upande mmoja ikakatika.

Chuma kilianguka ndani ya fremu kwa kishindo, kama nyundo iliyotupwa kisimani. Ubawa ukainama pembe moja, ukakaba mfereji pande zote mbili, ukamlalia mapajani na kutulia hapo kana kwamba umefika nyumbani. Wattie akausukuma. Haukutikisika. Mbele yake, kupitia kioo safi kabisa, aliiona miguu yake mwenyewe sebuleni, imevaa ndara za manyoya.

Alikuwa amebadilisha kamba za madirisha thelathini na moja katika nyumba ile. La thelathini na mbili lilikuwa hili, na alikuwa anasema wiki ijayo tangu mwaka wa themanini na tano. Mganga hajigangi.

Ng'ambo ya barabara Bella Rennie alikuwa kwenye mto wake, mwanamke wa mwisho mtaani kuendeleza desturi ile, na siku zote Wattie alimheshimu kwa hilo. Asubuhi ile heshima ilipungua.

"Wattie, umekwama?"

"Ninafuta kioo."

"Umefuta kona hiyohiyo robo saa, baba."

"Ina doa."

"Basi nikuletee dawa ya madoa au zimamoto?"

"Bella, nenda kaangalie chungu chako."

"Chungu kitaungua. Hii siikosi."

Saa nne kamili wajumbe wakaingia: Mwalimu Effie Lorimer, mstaafu na mwenyekiti wa ngazi, na daftari lake, Bibi Ina, wengine wanne, na nyuma yao Tulloch, amebeba dirisha dogo la mfano kwapani. Wote wakasimama. Sebule ilikuwa na chai, biskuti, na miguu miwili.

"Wattie," alisema Ina, "mbona miguu yako imetangulia?"

Akachukua ule mti wenye ndoano unaoegemezwa kila sebule ya namna ile, akauvuta ubawa wa juu ushuke kidogo, sauti zipate kupita.

"Karibuni," ilisema sauti ya Wattie kutoka nje. "Kaeni. Chai ipo. Nimekaa hapa kwa hiari."

"Kwa hiari," alisema Mwalimu Effie.

"Kwa muda."

Tulloch akajikohoza. "Mzee wangu, mimi sisemi kitu. Ila dirisha la plastiki halijawahi kumkamata mtu."

"Halina akili ya kukamata."

Meza ya Wattie ilikuwa ndogo, ikajaa daftari na dirisha la mfano. Bila kumwuliza mtu, Ina akaweka sahani ya biskuti juu ya magoti yake, maana yalikuwa yametulia na yalikuwa sawa kabisa. Tulloch akachukua moja, akachukua ya pili. Wattie alizitazama kupitia kioo, biskuti zake alizooka mwenyewe, zikiliwa juu ya mapaja yake mwenyewe na adui yake, na hakuna alichoweza kufanya ila kuhesabu.

"Hajala chochote huyu," alisema Ina. Akapaka mkate jamu, akaufunga kwenye karatasi, akaurusha juu ya ubawa kwa mkono wa mama aliyelea wanne uani. Ulipita juu ya kichwa cha Wattie.

"Umempiga tarishi barabarani," alitangaza Bella kutoka ng'ambo. "Anakula."

Ina akarusha wa pili, na huo Wattie akaudaka. Miaka sabini na moja, mkono mmoja, nyuma ya kisogo. Hata Tulloch aliacha kutafuna.

Mvua ikaanza. Si mvua kubwa, ni ile ya kule inayomlowesha mtu taratibu kwa makusudi. Tulloch akatazama saa. Alikuwa na miadi saa tano. Akatoa nyundo kwenye mkoba wake.

"Wajumbe, tusimtese mzee. Napiga kioo hiki, tunavunja na ubao wa chini, anaingia, tunapiga kura. Kwa vyovyote ni takataka ya wiki ijayo."

"Usikiguse," alisema Wattie.

"Utapata kichomi, mzee."

"Kioo hicho kilikuwepo kabla babu yako hajavaa suruali. Kitazame vizuri, kina mawimbi. Watu wa leo hawawezi kukitengeneza hata wakitaka."

Ina alikwenda hadi dirishani, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kwa upande wa pili, maji yalikuwa yanatiririka puani kwa Wattie na jamu ilikuwa kidevuni.

"Wattie Gemmell, utakufa kwa ajili ya kioo?"

"Kioo hakina kosa, Ina." Akafuta jamu kidevuni. "Wala mbao haina kosa. Kamba ilikuwa imechakaa. Nilijua. Sikuibadilisha. Kosa ni langu."

Mwalimu Effie, ambaye alikuwa amesoma naye tangu darasa la kwanza, akavua miwani.

"Rudia," alisema Ina.

"Kosa ni langu."

"Bella umesikia?" aliuliza Ina kwa sauti.

"Nimesikia," alisema Bella. "Na tarishi amesikia."

"Pigeni kura," alisema Ina, na akarudi kukaa.

Mwalimu Effie akafungua daftari. Walio kwa plastiki wainue mikono. Mitatu. Walio kwa mbao. Wawili wakainua, na baada ya kuvuta pumzi, Ina akainua wa tatu, huku akitazama dari kama mtu ambaye mkono umejiinukia wenyewe. Nje ya dirisha, mkono wa saba ulikuwa umeinuka, unachuruzika maji.

"Ule hauhesabiwi," alisema Tulloch haraka. "Kanuni zenu zinasema wapiga kura ni waliomo chumbani. Mwalimu alinisomea mwenyewe. Mkono ule umo barabarani."

Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. Effie alisoma kanuni mara mbili. Wakabishana. Mmoja alisema mtu yupo pale makalio yake yalipo. Wakaenda kuangalia, wakakuta makalio yako nje. Mwingine akasema mtu yupo kilipo kichwa. Ina akasema kama ni hivyo mumewe hakuwahi kuwepo kwenye harusi yao. Effie akagonga kalamu mezani.

"Kanuni haisemi mkono wala kichwa," alitamka. "Inasema mjumbe aonyeshe kura yake waziwazi ndani ya chumba. Ndani ya chumba, Wattie ana miguu. Wattie, onyesha."

Si rahisi kuinua mguu umekaliwa na dirisha. Wattie alifumba macho, akakaza kila alichokuwa nacho, na ule wa kulia ukapanda kutoka gotini, ukatetemeka, ukanyooka. Sahani ikapinduka. Ndara ikachomoka, ikapaa sebuleni, ikatua juu ya dirisha la plastiki, na dirisha likaanguka chali.

"Nne kwa tatu," alisema Effie, akaandika. Alipofika kwenye safu ya namna ya kupiga kura, akasita kidogo, akaandika: mguu.

Tulloch alikusanya mali yake. Alimwambia Wattie kwaheri akiielekea miguu, akaondoka.

Ndipo walipomkumbuka. Wote sita, wa mbao na wa plastiki, wakajipanga dirishani.

"Ile pembe iliyoshuka, inueni," alielekeza Wattie. "Ile iliyopanda, mkandamize. Polepole. Sio kusukuma, Effie, ni kubembeleza."

"Nabembeleza."

"Hiyo ni kugombana nalo."

Ubawa ukapumua, ukajinyoosha, ukapanda. Wattie akaporomokea ndani juu ya biskuti zilizosagika, miguu imekufa ganzi. Hakukubali blanketi. Alitambaa hadi kwenye sanduku lake, akachukua patasi, akang'oa ule ukingo mwembamba wa fremu, akafungua kidirisha kidogo cha mbao kilichojificha ubavuni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kutoka ukutani akavuta chuma kirefu cha mviringo, kimepauka kwa vumbi la miaka mia.

Majirani wakasogea. Walikuwa wameishi na vitu vile ukutani maisha yao yote. Ina akakipokea kwa mikono miwili.

"Na kwangu kimo?"

"Vinne kila dirisha."

"Kizito kuliko mume wangu." Akakipima tena, akakirudisha. "Sasa nisikilize. Kura nimekupa. Magoti bado ni yaleyale. Jumatatu unakuja kuniwekea zile brashi nyembamba za ukingoni mwa ubawa za kuzuia upepo, ambazo watu wa ghorofa ya pili walikuomba ukasema ni za wavivu."

Wattie alikuwa amepiga magoti, anapitisha kamba mpya kwenye kapi. Mikono ilikuwa imekufa kwa baridi na kamba ilimponyoka mara mbili. Miaka thelathini na moja alikuwa amehubiri dhidi ya brashi zile. Alikuwa na hotuba nzima, na wote mle ndani waliijua kwa moyo, wakangoja aianze.

"Jumatatu saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu."

"Nitakuja saa mbili na nusu. Shika hapa, usiachie."

Ina akashika kamba.