Kitanda cha Karavani Kilichobaki na Nailoni Yake

Kila mtu hapa Maskati akisikia kwamba mimi na mume wangu tulikwenda Norwei, tukakodi karavani na kuiendesha mpaka kaskazini, kule ambako mwezi wa Mei theluji ndiyo kwanza inayeyuka, swali lake la kwanza ni moja tu: "Mlifikia kwa nani?" Haulizi tuliona nini, wala baridi tuliihimili vipi. Kwa nani! Tulikuwa na gari yenye kitanda, jiko, choo na meza ya kulia, na bado lazima tuwe tumefikia kwa mtu. Damu inanichemka nikiulizwa, maana jawabu ninalo, na jawabu lenyewe ndilo lililoniudhi.

Lakini nianze na nyumba yetu ya hapa hapa Maskati, Khuwair ya Kusini, la sivyo mtaniona mchoyo. Niliingia nyumba ile bibi harusi, nikamkuta mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, chumba chake kimegusana na chetu ukuta kwa ukuta. Akikohoa sisi tunaamka, na sisi tukicheka yeye anakohoa. Fungate tulikwenda Salala, kusini mwa nchi, mimi, mume wangu, mama yake na wifi zangu wawili. Msidhani natia chumvi, picha ninazo. Baada ya hapo wakaja wagonjwa kutoka Unguja kutibiwa, wakaja wanafunzi, wakaja vijana wanaotafuta kazi. Huyu anakuja wiki moja tu, na ile wiki inazaa miaka. Hata Hija tulikwenda na kundi, wanawake mbali na wanaume mbali.

Mtoto wetu wa mwisho alipooa na kuhamia Al Amerat, nikasema khalas, sasa tumebaki wawili. Nikafungua madirisha nikafukiza udi. Hata mashuka ya chumba chake sijamaliza kuyakunja, mume wangu anaingia na mtoto wa dada yake na masanduku yake. "Atakaa mpaka apate pa kukaa," akaniambia. Yule kijana alikuwa ameshapata pa kukaa. Kwangu!

Kwa hivyo mnielewe nikisema kwamba katika umri wangu wote wa ndoa sikuwahi kulala chini ya paa moja na mume wangu, mimi na yeye peke yetu, hata usiku mmoja. Nilikuwa nakitaka kitu hicho. Nilikitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji, na nilikuwa naona haya kukisema, maana mtu mzima na wajukuu wake aseme nini? Nataka kukaa na mume wangu? Watanicheka.

Siku moja nikaona kwenye simu mzee na mkewe, Wazungu, wamekaa nje ya karavani msituni, kila mmoja na kikombe chake, hawasemi kitu. Nikamwonesha mume wangu. Nikamwambia, umeshastaafu, magoti bado mazima, twende. Gari, barabara, msitu. Akacheka, akaniangalia, akaacha kucheka. Akasema, "Inshaallah. Mie na weye tu."

Mimi nikalishika lile "tu" nikalitia kifuani.

Nilijitayarisha kama naolewa tena. Nikanunua ndimu kavu, bizari, tende, kahawa. Na nikanunua sufuria dogo la watu wawili. Muuza duka akaniuliza kama ni la kuchezea watoto. Katika jiko langu hakujawahi kuwa na sufuria kama lile, dogo kuliko yote lilikuwa la kulisha watu wanane. Nikalifunga katika kanga zangu ndani ya sanduku.

Karavani tuliichukua kule mji mkuu wao. Nyeupe, safi, godoro jipya bado limo ndani ya nailoni yake. Mimi nazunguka nafungua makabati kama mtoto wa Sikukuu, mume wangu yuko nje anaipiga picha. Nikadhani anajiwekea kumbukumbu. Kumbe amelirushia kundi la ukoo kwenye simu, ukoo mzima wa Maskati, Unguja, Dubai na kwengineko: "Alhamdulillahi tumefika salama, tunaelekea kaskazini." Hapo ndipo tulipokwisha. Mtu wa kwetu hatangazi safari namna ile kama hataki kupokewa, na yeye analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Hata mafuta hatujajaza, simu ikalia. Mwanamke, sauti ya mjini khasa. Yeye ni shemeji wa binamu yake mume wangu. "Nimesikia mko kwetu! Yaani mpite mlangoni msiingie? Pilau liko jikoni." Mume wangu akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Akasema kwenye simu, "Tunakuja, dada yangu, tunakuja."

"Ni aibu kukataa," akaniambia.

"Lile tu lako limekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Leo tu," akanijibu.

Tukalala kwake, chumba cha wanawe, wanawe wakalala sebuleni. Asubuhi tukapewa mikate ya kumimina ya njiani. Na kabla hatujatoka mlangoni, yule dada ameshampigia mtu wa mji wa mbele. Alikuwa jirani wa shangazi yake mume wangu kule Ng'ambo ya Unguja, na alikuwa anatungoja barabarani, wallahi barabarani, kando ya kituo cha mafuta, amevaa koti kubwa na kofia ya kiua, anapunga mkono. Nikamwona kwa mbali nikatamani kukanyaga mafuta tupite. Kwa bahati yake si mimi niliyekuwa naendesha.

Na ikawa hivyo hivyo. Tunapita kwenye nchi ambayo sijaona mfano wake: maporomoko yanashuka kila upande kama wadi, yale mabonde makavu ya kwetu, zikipata mvua, theluji inaachia majani ya kwanza, wanyama wenye pembe za matawi wanavuka barabara polepole utadhani wamepanga foleni. Masaa na masaa hakuna nyumba. Nami moyo unaanza kutua, nasema leo hapa, bwana, simamisha hapa. Anasema subiri kidogo. Kumbe kidogo chenyewe ni sahani ya biriani inatungoja mbele. Mie sijui watu wetu wamefikaje mpaka huko! Wameolewa, wamesoma, wamekimbia, wamepotea, na kila mmoja ana achari ya maembe kwenye friji.

Walikuwa watu wema, nisiwakosee. Wema wao ndio ulionitia kitanzi, maana huwezi kumnunia mtu aliyekutolea chumba chake. Lakini yule bwana wa nyumba ya tatu nilimjibu. Nilisema kwa adabu kwamba sisi tutalala garini, kitanda tunacho. Akashika kichwa. "Mama! Mlale garini, na nyumba yangu ipo? Watu watasema nini?"

Nikachungulia dirishani. Kulikuwa na miti na mlima.

"Watu gani?" nikamuuliza.

Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Usiku ule sikusema naye, na asubuhi sikusema naye. Karavani yetu tunaiegesha nje ya nyumba za watu, tunachukua nguo tu. Godoro na nailoni yake. Sufuria langu ndani ya kanga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwuguzi, mwanamke wa Kipemba, mpole, peke yake kwenye kimji kidogo msitu unapoanzia. Alinipokea kwa kunikumbatia akalia, kwa sababu hakuwa amesema Kiswahili uso kwa uso kwa muda mrefu. Kwake nilikaa kwa moyo mmoja, nilimsuka nywele. Ila baada ya chakula nikamsikia mume wangu ukumbini anazungumza na simu. Mji wa mbele ulikuwa wa mwisho, barabara inaishia baharini, na huko nako ameshapatikana bwana wa kutupokea. Mume wangu anasema, "Hapana, hapana, hatuna haraka, tutakaa kwako siku zote zilizobaki."

Siku zote zilizobaki! Nilisimama pale na taulo mkononi. Sikupiga kelele. Aliyenijua angejua kwamba nisipopiga kelele ndipo pabaya.

Asubuhi tuliposwali, mume wangu akatoka kwenda garini kutafuta soksi zake nzito, kavaa kikoi na koti juu yake. Nikamfuata. Yeye yumo nyuma kainamia kabati, mimi nikafunga mlango, nikaingia mbele, nikatia ufunguo. Leseni ninayo tangu mwanangu wa kwanza alipoanza skuli, na kila Ijumaa napanda na kuteremka vile vilima vya Al Amerat na sufuria za moto kwenye buti. Gari kubwa halinitishi.

"We bibi!" akapiga kelele huko nyuma. "Unakwenda wapi?"

"Kaa chini usianguke."

"Hujaaga! Hujamuaga mwenye nyumba!"

"Ntampigia simu," nikasema.

Na nilimpigia kweli, njiani, mtandao haujakatika. Yule mwuguzi akacheka mpaka nikamsikia anajifuta machozi. Akaniambia, nenda, mama, na usipinde kushoto, kushoto ndiko kwa yule bwana. Nikapinda kulia.

Nilisimama pale barabara ya kokoto ilipogota kwenye ziwa. Barafu lilikuwa linapasuka taratibu, linalia kama mlango mkongwe. Mume wangu akateremka na kikoi chake, akainua simu juu, akaigeuza huku na huku. Hakuna mtandao. Akainua tena.

Hapo ndipo nilipompasukia. Nilimwambia yote, kuanzia Salala. Kikohozi cha mama yake nilikitaja, Mungu anisamehe. Masanduku ya mpwa wake nikayataja. Nikamwambia: kitu kimoja nimekutaka, kimoja, na umenilaza kwenye vitanda vya watoto wa watu nchi nzima! Nimekukosea nini hata ukanikimbia namna hii? Nilikuwa nalia.

Akakaa kwenye ngazi ya karavani, simu mkononi. Kisha akasema, hakuniangalia:

"Mie nna khofu."

"Khofu ya nini? Ya dubu?"

"Ya weye. Nyumba ikiwa na watu, mambo yanakwenda. Huyu anasema hili, yule lile. Nikaona tukibaki wawili utanitazama ungoje niseme kitu, na mie sina. Nikasema bora tuwe na watu."

Sijui mlitaka niseme nini. Nilizidi kukasirika. Maana ningeweza kumsamehe mtu anayeona aibu kukataa pilau, lakini huyu miaka yote ameijaza nyumba yangu watu kwa kuniogopa, mimi ninayemfulia kanzu zake! Nikaingia ndani nikaanza kuichana ile nailoni ya godoro, nairarua kwa kucha, inapiga kelele.

Akaingia nyuma yangu. Nikamsikia anafungua makabati, anafunga. Akawasha jiko kwa taabu. Akalikuta sufuria, akalitoa kwenye kanga, akalitazama udogo wake. Akalitia maji na majani ya chai. Nikaendelea na nailoni yangu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea:

"Unatia vijiko vingapi vya sukari?"

Niliacha kuchana. Katika nyumba yetu chai inakuja kwenye sinia, imeshatiwa sukari, kaileta mtu, na mimi naipokea nakunywa, au naiacha mpaka inapoa. Hakuwahi kuuliza kwa sababu hakuwahi kuhitaji kuuliza. Nikamwambia, "Situmii sukari. Tangu nilipozaa mtoto wa pili."

Akasimama na kijiko mkononi. Mtoto wetu wa pili ana watoto wake mwenyewe sasa.

"Na mbona hukusema?" akauliza.

"Ningemwambia nani? Nyumba imejaa watu."

Tukanywa. Ilikuwa chai mbaya, majani mengi kupita kiasi, na nilimwambia hivyo. Akasema kesho atapunguza. Tulikaa pale ziwani mpaka siku zetu zikakaribia kwisha, na maneno tuliyosemezana hayakuwa mengi, ila hakuna aliyekufa kwa ukimya. Baridi ilitung'ata, tulilala na makoti. Yule bwana wa kushoto alikula pilau lake na watu wa kwake.

Tuliporudi, sebule ya Khuwair ilikuwa imejaa. Walikuwepo wanangu na wake zao, mpwa wetu bado hajapata pa kukaa, na shangazi yake mume wangu kwenye kiti cha mbele na bakora yake. Hata viatu sijavua, shangazi akauliza kwa sauti kubwa, "Enhe! Mlifikia kwa nani?"

Wote wakamgeukia mume wangu kungoja majina. Nikajua sasa atayamwaga yote, shemeji wa binamu, jirani wa Ng'ambo, mpaka achari.

"Mie nilifikia kwa mke wangu," akasema.

Wakacheka, wakadhani anafanya mzaha. Sinia la chai likaingia, vikombe vimeshatiwa sukari na kukorogwa kama desturi, kimoja kikawekwa mbele yangu. Mume wangu akainuka. Akakichukua kikombe changu, akaenda nacho jikoni yeye mwenyewe, mbele ya wanawe, mbele ya wakwe zake, akarudi na chengine. Akakiweka mbele yangu akakaa.

Shangazi akakitazama kikombe, akanitazama mimi, si yeye, akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia sijambo kabisa.