Kamba ya Kupimia Nguo

Nilikuwa karani wa boma Bagamoyo, nikapewa kazi ya kuwapokea watu waliokimbia kazi za shuruti kwa Wareno. Walikuwa wamevaa matambara, nikataka kuwashonea nguo. Ili niwape heshima nilivaa kaki mpya na kofia, nikawapanga mstari. Futi ya fundi sikuwa nayo, nikatoa kamba niwapime viuno.

Wanawake wakaanza kulia. Mimi mjinga nikadhani ni furaha.

“Msilie, mama zangu,” nikawaambia, “kila mtu atafikiwa.”

Kumbe huko kwao walikamatwa hivyo hivyo. Bibi mmoja akasogea, akaninyooshea mikono yote miwili, ameibananisha pamoja.

“Nifunge mimi, bwana,” akasema. “Binti yangu mwache, ananyonyesha.”